Tiketi za msimu kwa ajili ya kijana wa namba 5: uzoefu wangu kabla kipenga hakijalia

Aprili 2024, siku mbili baada ya Washington Commanders, timu yetu ya mpira wa miguu wa Kimarekani, kumchagua Jayden Daniels, kwotabeki wa jezi namba 5, nililipia tiketi za msimu mzima. Viti viwili, jukwaa la juu, upande wa kona, mimi na mwanangu. Naishi Maryland tangu 2009 na kwa miaka yote hiyo nilikuwa mtu wa kutazama kwenye televisheni. Naandika haya msimu wa 2024 ukiwa karibu kufunguliwa, tarehe 8 Septemba, na kwa kuwa ndugu kadhaa wameniuliza, msibani na harusini, kama fedha hii ina maana, naandika nilichokiona mpaka sasa.

Unacholipia kwanza. Msimu wa 2024 ni mechi 17, na safari hii timu yetu inacheza 9 nyumbani, pale Landover. Ukiongeza mechi moja ya maandalizi ya Agosti, tiketi zako zinakuingiza mara 10. Zinakuja kwenye simu, unaonyesha mlangoni, unapita. Ukishindwa kwenda unaweza kumpa mwenzio au kuiuza mechi hiyo. Viti vya juu viko mbali, lakini kwa mchezo huu mimi nasema umbali ni faida. Ukiwa chini unaona migongo ya watu. Ukiwa juu unaona timu nzima inavyojipanga, unaona nani amebaki peke yake pembeni, na unaweza kukisia mpira utakwenda wapi kabla haujarushwa. Mwanangu alilielewa jambo hilo ndani ya robo moja ya mchezo.

Lakini hakuna anayenunua tiketi za timu iliyomaliza na ushindi 4 na vipigo 13 kwa sababu ya mandhari. Nilizinunua kwa sababu ya huyu kijana.

Kwa msomaji aliyelelewa na soka letu: kwotabeki hana mfano wake kule. Si mshambuliaji, si kiungo. Mfikirie nahodha wa jahazi anayesoma upepo, anawapigia kelele mabaharia wabadilishe tanga, kisha anashika usukani mwenyewe, na muda wote huo wanaume wanne wenye kilo zaidi ya mia moja na ishirini wanamkimbilia wamwangushe. Ana kama sekunde tatu za kuamua. Timu isiyo na kwotabeki wa kweli inaweza kuwa na nyota kila mahali na bado ikazama. Sisi tumezama hivyo muda mrefu. Kabla ya msimu huu wa 2024, mara ya mwisho Washington kushinda mechi ya hatua ya mtoano ilikuwa Januari 2006, dhidi ya Tampa Bay. Na mechi yetu ya kwanza msimu huu ni wapi? Tampa Bay.

Daniels ametoka chuo cha LSU, Louisiana, baada ya kuanzia Arizona State. Msimu wake wa 2023 ndio ulionikamata. Alirusha tachidauni 40, yaani mirusho iliyoishia kwa kufunga, na mipira 4 tu ikanyakuliwa na wapinzani, akakimbia mwenyewe zaidi ya yadi 1,100, akatwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Novemba, dhidi ya Florida, alirusha yadi 372 na kukimbia yadi 234 katika mechi moja, jambo ambalo hakuna mchezaji wa ngazi ya juu ya vyuo aliyewahi kulifanya kabla yake. Nilikuwa nimerudi kutoka zamu ya usiku, nikasema nitazame dakika tano ndipo nilale. Sikulala.

Kuna kitu kingine kuhusu mechi hiyo ya Florida ambacho watu hukisahau. Wiki moja kabla, kule Alabama, aligongwa vibaya akiwa ameshaachia mpira, akatolewa, hakurudi uwanjani. Zile yadi zote 606 alizipata siku saba baadaye. Wenzangu wanalisimulia hilo kama ushahidi wa ushujaa. Mimi linanitia hofu, na hofu hiyo ina historia.

Mwaka 2012 timu hiihii ilichagua kwotabeki akiwa wa pili kwenye drafti, pale timu zinapochukua vijana wapya kwa zamu, akiwa na Heisman mkononi, mwenye mkono mzuri na miguu ya swala. Robert Griffin. Mji mzima ulimwita RG3. Msimu wake wa kwanza alitupeleka hatua ya mtoano na tukashika nafasi ya kwanza kwenye kundi letu. Tarehe 6 Januari 2013, Seattle walipokuja Landover, nilikuwa sebuleni kwa shemeji yangu, watu kumi na wawili, wengine wamekaa kwenye zulia. Tuliongoza 14 kwa 0. Goti lake lilikuwa tayari limeumia tangu mwezi mmoja kabla, na kila mtu pale sebuleni aliona anachechemea. Shemeji akawa anaiambia televisheni, "Mtoeni, jamani, mtoeni mtoto wa watu." Hawakumtoa. Robo ya nne alijikunja kuokota mpira uliomponyoka, na goti likageuka upande ambao goti haligeuki. Tulipoteza 24 kwa 14, na Griffin hakuwa tena yule tuliyemjua. Nyumba ilinyamaza kama kuna taarifa ya msiba.

Kwa hiyo ninapomwona Daniels, naye wa pili kwenye drafti, naye wa Heisman, naye mwembamba na mwenye mbio, simtazami kwa macho ya mtoto aliyepewa pipi. Namtazama kama mzazi anayemwona mwanawe anaendesha pikipiki.

Basi nimeona nini Agosti hii? Vipande viwili tu, lakini vya kutosha kunipa msimamo. Tarehe 10, dhidi ya Jets, alicheza shambulizi moja. Akiwa kwenye mstari, mpira haujaanza, aliona walinzi walivyojipanga, akabadilisha mpango mwenyewe kwa ishara, kisha akamrushia Dyami Brown mpira wa yadi 42 pembeni ya uwanja. Mwisho wa shambulizi hilo alikimbia yadi 3 na kufunga. Wengi walishangilia ule mrusho. Mimi niliishangilia ile ishara ya mkono. Kijana wa miaka 23, mechi ya kwanza ya ngazi hii, hata ya majaribio, na tayari anasoma kilichoandikwa upande wa pili. Inajulikana kwamba tangu LSU alikuwa akivaa miwani ya uhalisia pepe na kucheza mashambulizi yaleyale tena na tena, kwa mwendo wa kasi kuliko wa kawaida, ili uwanjani mambo yaonekane yanakwenda taratibu. Ukitazama macho yake kabla mpira haujaanza unaona hiyo kazi.

Wiki iliyofuata kule Miami alikamilisha mirusho 10 kati ya 12, kwa yadi 78. Mirusho mifupi, hakuna cha kuonyesha kwenye vipande vya video, na ndiyo iliyonipendeza zaidi. Alichukua alichopewa. Tarehe 19 kocha Dan Quinn akamtangaza rasmi kuwa ndiye atakayeanza.

Sasa ukuta, wale wanaume wa mbele wanaomkinga kwotabeki. Hapa ndipo maoni yangu yanapotofautiana na ya wenzangu wengi. Mwaka jana kwotabeki wetu Sam Howell aliangushwa na mpira mkononi mara 65, hakuna kwotabeki aliyeangushwa zaidi yake kwenye ligi nzima. Mara nyingine alishika mpira muda mrefu mno, nakubali, lakini mara nyingi ukuta ulifunguka kama mlango wa banda. Uongozi mpya chini ya Adam Peters umeleta Tyler Biadasz wa katikati kutoka Dallas na Nick Allegretti kutoka Kansas City, na Sam Cosmi yupo upande wa kulia. Hao nawaamini. Kushoto kabisa, upande ambao kwotabeki wa mkono wa kulia anaupa mgongo, ndiko ninakokosa usingizi. Brandon Coleman ni mgeni wa ligi kama Daniels mwenyewe, na Cornelius Lucas ni mtu wa akiba kwa muda mrefu. Ukimweka nahodha mwembamba kwenye chombo chenye tundu upande asiouona, usimlaumu yeye maji yakiingia.

Na yeye ana sehemu yake. Pale LSU alikuwa na tabia ya kukimbia mpaka pumzi ya mwisho, anakutana na mlinzi uso kwa uso badala ya kujilaza chini mapema. Sheria inamlinda kwotabeki anayeteleza chini kwa miguu: huruhusiwi kumgonga. Yadi mbili za ziada hazina thamani ya mbavu zake. Kila mechi msimu huu nitahesabu kitu kimoja kabla ya tachidauni, ni mara ngapi amejilaza au ametoka nje ya mstari kwa hiari yake.

Kliff Kingsbury, anayepanga mashambulizi, amewahi kuwa kocha mkuu wa Arizona Cardinals na mwaka jana alikuwa chuo cha USC pamoja na Caleb Williams, kwotabeki, yule aliyechaguliwa wa kwanza na Chicago. Anajua kufundisha vijana wenye miguu. Wasiwasi wangu mwingine ni wapokeaji. Terry McLaurin ni dhahabu, miaka yote amepokea mipira kutoka kwa kila mtu aliyepita pale bila kulalamika hadharani. Lakini Jahan Dotson amepelekwa Philadelphia wiki mbili tu kabla ya msimu, tena ni wapinzani wetu wa kundi moja, na nyuma ya McLaurin sijaona jina ninaloweza kuliapia. Zach Ertz na Austin Ekeler ni wazoefu, watamsaidia kwa mirusho mifupi. Ulinzi nauacha: mwaka jana tuliruhusu pointi nyingi kuliko timu yoyote, na ujio wa Bobby Wagner unapaswa angalau kuleta adabu.

Tarehe 25 Agosti tulizitumia tiketi mara ya kwanza, mechi ya maandalizi na New England. Tulipanda treni hadi Morgan Boulevard, kisha tukatembea kama maili moja na umati. Nakushauri ufanye hivyohivyo, utafika bila kero ya maegesho, ila vaa viatu vya kutembelea na umwambie mtoto mapema. Daniels hakucheza, alibaki pembeni kama wengi wa kikosi cha kwanza. Mwanangu alisikitika dakika kumi. Kisha mzee aliyekaa mstari wa mbele yetu, ambaye ana tiketi tangu timu ilipokuwa bado inacheza uwanja wa RFK, akageuka na kuanza kumsimulia kuhusu Doug Williams: Januari 1988, Super Bowl, yaani fainali ya ligi, Washington iko nyuma 10 kwa 0, halafu pointi 35 ndani ya robo moja, na kwotabeki wa kwanza mweusi kushinda taji hilo. Mwanangu aliuliza, "Babu, ulikuwepo?" Mzee akasema alikuwa nyumbani, ameshika mkono wa mkewe. Waliongea mpaka mapumziko. Kitu hicho hakipo kwenye televisheni, na kwangu peke yake kimelipa nusu ya bei.

Kilichoniudhi hakihusu timu. Jezi ya namba 5 niliiagiza kwenye duka moja la mtandaoni ambalo sitalitaja. Picha ilionyesha namba zilizoshonwa, zikaja za kubandikwa, na baada ya kufuliwa mara moja ile 5 mgongoni ilianza kuinuka pembeni. Kuirudisha kulichukua wiki tatu na barua pepe nyingi. Kama unataka jezi ya mtoto, nenda dukani, ishike, pitisha kidole kwenye uzi, ndipo ulipe.

Nitegemee nini? Nasema ushindi 7, labda 8 ikiwa ataanza mechi zote. Shemeji anasema 10, na nimemwambia akumbuke 2012. Kwa tiketi zenyewe natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano naiweka mpaka Januari, nione kama kijana bado anatembea vizuri.

Tarehe 15 Septemba Giants wanakuja, na pamoja nao Malik Nabers, aliyekuwa akipokea mipira ya Daniels kule LSU. Tarehe 27 Oktoba ni Chicago na Caleb Williams, wa kwanza dhidi ya wa pili. Mwanangu ameizungushia siku hiyo kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni, na mama yake ameshaahidi kwamba Jumapili hiyo hakuna shughuli yoyote ya ukoo itakayotuzuia.