Msahafu mdogo wa zipu: unamfaa anayehifadhi?

Nimeununua Darajani, Unguja, kwa Sh 12,000, ule mdogo wenye kifuko cha zipu unaoingia kwenye mkoba pamoja na chaja na daftari. Wenzangu wa dahalia wananiuliza kama unafaa kwa hifdhi, yaani kuhifadhi Qur'ani kwa moyo. Unafaa, kwa sharti.

Kabla hujatoa pesa, fungua ukurasa wa 582. Ukikuta "Amma yatasaa-aluun", mwanzo wa sura ya An-Naba, inaanzia hapo, mpangilio ni ule wa Madina: kurasa 604, mistari 15, na kila ukurasa unakwisha mwisho wa aya. Anayesoma tu hatajali. Anayehifadhi huikamata aya pamoja na mahali pake. "Udkhuluu haadhihil-qaryata" (ingieni mji huu) ya Al-Baqara iko juu kabisa ukurasa wa 9; ile ya Al-A'raf inayofanana nayo, yenye "uskunuu" (kaeni), imeshuka katikati ya ukurasa wa 171. Nikibabaika mbele ya ustadhati, mwalimu wetu wa kike, nafumba macho nautafuta ukurasa, si maneno. Bibi yangu alihifadhi kwenye msahafu wa chapa ya India, na mpaka leo ukimpa huu wetu anapotea.

Sasa ubaya wake. Karatasi ni nyepesi mno, alama ya penseli inatokea upande wa pili, na mimi bila kuzungushia makosa yangu siendi mbele. Herufi ni ndogo. Kwa taa ya dahalia baada ya Alfajiri macho yanawasha. Gundi nayo imeshaachia penye Juzuu Amma, ile ya mwisho, na aliyeuchapa hakuandika hata jina lake, sijui nimlaumu nani. Ndiyo maana sabaki mpya, yaani somo jipya la kuhifadhi, nahifadhia kwenye ule mkubwa wa jalada gumu. Huu ni wa kudurusu njiani, ukiwa na udhu: foleni ya magari ya Mwanakwerekwe inatosha robo hizbu (moja ya nane ya juzuu) na zaidi. Mwenye pesa ya mmoja tu achukue mkubwa.

Na zile siku zetu wanawake, za hedhi, ambalo ndilo swali ninaloulizwa kwa kunong'onezwa? Ustadhati wetu anashika madhehebu ya Shafi, kwa hiyo hatuugusi wala hatusomi. Nafunga zipu, naweka Sheikh Al-Husary, yule msomaji wa Misri, kwenye simu, usomaji wake ule wa taratibu aliourekodi mwaka 1961, naye anasoma huku mimi nafunua kurasa kichwani. Wanaoacha kabisa wiki nzima huwa wanarudi Al-Anfal imeshawakimbia.