Uzoefu wangu: siku mbili kwenye makasoko ya Mlima Marsabit

Nililipia safari ya siku mbili ya Mlima Marsabit, kaskazini mwa Kenya, bei ikijumuisha gari, hema na mwongozaji. Barabara ya kutoka Isiolo sasa ni ya lami hadi Moyale, hivyo mwendo uliokuwa ukiwachosha wasafiri kwa vumbi na makorongo umekuwa mwepesi.

Ukishavuka jangwa la Kaisut, volkano hii iliyolala inakutokea mbele ikiwa imevikwa msitu, na hapo ndipo mwongozaji wetu, kijana wa Kirendille, alipotufaa kuliko gari lenyewe. Alitueleza kwamba mlima hauna mto hata mmoja wa kudumu, na kwamba miti huishi kwa sehemu kubwa kwa ukungu wa usiku, ambao hunaswa na majani na zile ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini, kisha ukadondoka chini. Alfajiri nilikuta hema limelowa chapachapa ingawa mvua haikunyesha, nikayaamini maneno yake kwa mikono yangu.

Wenyeji huliita kasoko la volkano, yaani shimo lililoachwa na mlipuko wake, "gof". Gof Sokorte Guda, ambalo limebeba Ziwa Paradise, ndilo mashuhuri zaidi, na tulikaa ukingoni mwake asubuhi nzima tukiwatazama nyati wakishuka kunywa maji. Katika msitu huohuo aliishi Ahmed, ndovu wa pembe ndefu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970, hadi alipokufa mwaka 1974. Hata hivyo, moyo wangu ulibaki Gof Redo, nje kidogo ya mji, shimo kubwa lenye kuta zilizosimama wima, ambako msitu haupo na umbo la volkano unaliona lote kwa mtazamo mmoja.

Lawama yangu ni kwa kampuni iliyotuuzia safari. Haikututahadharisha kuhusu baridi, kwa hiyo mama mmoja mzee tuliyekuwa naye alikesha akitetemeka kwa kuwa alifungasha nguo za jangwani tu, na tulifikishwa Gof Redo saa saba mchana, jua likiwa la utosi. Beba sweta nzito, na udai kwa maandishi kwamba Gof Redo mtafika mapema asubuhi. Mimi nitarudi kwa siku tatu, na usiku mmoja nitalala ukingoni mwa Ziwa Paradise.