Kitabu cha historia ya Marekani: usilipe kabla hujaona tanbihi

Malalamiko ya wasomaji yamezidi, na yote ni wimbo mmoja. Mtu kanunua kitabu kinene chenye tuzo kwenye jalada, anataka kujua barua ya Rais Lincoln iliyonukuliwa humo imehifadhiwa wapi, sentensi haina hata namba. Tanbihi, yaani maelezo ya habari imetoka wapi, zipo, ila zimerundikwa nyuma kwa kufuata namba ya ukurasa na maneno mawili matatu ya sentensi. Kama unasomea kwenye simu, ambako kurasa hubadilika ukikuza herufi, ndiyo basi tena.

Kwa hiyo uzuri wa lugha na umaarufu wa mwandishi wataupima wengine. Mimi napima tanbihi.

Namba moja, na upendeleo wangu siufichi, ni vitabu vya Omohundro Institute, taasisi ya utafiti wa historia ya Marekani ya awali, vinavyotoka na University of North Carolina Press. Tanbihi ziko chini ya ukurasa uleule. Anza na Voices of the Enslaved cha Sophie White (2019): watumwa wa Louisiana enzi za Wafaransa wanatoa ushahidi mahakamani, nawe unaona papo hapo maneno yametoka kesi ipi. Ubaya wake, wanaishia Marekani ya awali.

Anayetaka Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe aende kwa wachapishaji Oxford University Press, achukue Combee cha Edda Fields-Black (2024), kuhusu uvamizi wa Juni 1863 alioshiriki Harriet Tubman, mwanamke mweusi aliyekuwa ametoroka utumwani, watu zaidi ya 700 wakatoka utumwani. Mwandishi amechimba mafaili ya pensheni ya askari weusi, utamu mtupu. Ya tatu ni Yale University Press, kwa The Rediscovery of America cha Ned Blackhawk (2023), historia ya Wenyeji wa Marekani.

Vitabu vya wasifu vinavyotolewa na wachapishaji wa kibiashara ndiko ugonjwa ulikojaa. Hata Robert Caro, pamoja na utafiti wake wote juu ya Rais Lyndon Johnson, tanbihi zake hazina namba.

Huna hela? Subiri toleo la jalada jepesi.

Sasa wauzaji wetu wa mtandaoni. Unaomba picha ya kurasa za nyuma, unatumiwa jalada. Unaomba tena: “Ni orijino, dada.” Nani kauliza uorijino? Halafu nauli inaizidi bei ya kitabu, na ukihoji unaambiwa dola imepanda. Ikishuka mbona hatuambiwi?