Siku tatu Macon, Georgia: uzoefu wangu katika mji wa Otis Redding

Nilifika Macon Jumatano saa saba mchana, na kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe, kwa sababu sikuwa nimeangalia ratiba. Jumba lililonitoa nyumbani, lile ambalo wapenzi wa muziki wa roki hulijua kwa jina la Big House, yaani nyumba ya zamani ya bendi ya Allman Brothers Band, wakati huo lilikuwa likifunguliwa Alhamisi hadi Jumapili tu. Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyeendesha gari kutoka Clarkston, kando ya Atlanta, tunakoishi, aliutazama mlango uliofungwa, akanitazama na mimi, kisha akasema kwa upole, "Mjomba, si ungeniambia niangalie kwenye simu?" Sikuwa na la kujibu. Hata hivyo kosa hilo lilitufaa, kwa kuwa lilitulazimisha kurudi katikati ya mji na kuanza ziara kwa miguu, na sasa naamini kwamba mgeni yeyote anayekwenda Macon anapaswa kuanzia huko, wala si kwenye jumba hilo ambalo vipeperushi hulitanguliza.

Macon ni mji wa watu laki moja na nusu hivi, ulio kando ya mto Ocmulgee, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Atlanta kwa barabara kuu ya I-75. Kwa ukubwa wake, sifa zake katika muziki zimezidi kimo. Little Richard, mwimbaji wa rock 'n' roll, alizaliwa hapa tarehe 5 Desemba 1932. Otis Redding, mwimbaji wa muziki wa soul aliyezaliwa Dawson, Georgia, mwaka 1941, aliletwa hapa akiwa mtoto mdogo na hapa ndipo alipokulia. Kwetu Tanga, kaka yangu mkubwa alikuwa na santuri moja ya Otis iliyokwishakwaruzika, na alikuwa haturuhusu wadogo zake kuigusa. Kwa hiyo sikwenda kama mtu asiye na upande.

Tulianzia kwenye stesheni ya zamani ya reli, Terminal Station, iliyojengwa mwaka 1916 mwishoni mwa barabara ya Cherry. Ni jengo kubwa la kifahari, na treni za abiria haziji tena. Mtu akisimama mbele ya mlango mkuu atapiga picha zake na kuondoka akiwa ameridhika. Nashauri azunguke pembeni. Juu ya mlango mwingine, mdogo kuliko ule mkuu, kuna maneno yaliyochongwa kwenye jiwe yanayosema kwamba hicho ni chumba cha kungojea cha watu weusi. Hayakuandikwa kwa rangi ambayo ingeweza kukwanguliwa, wala si kibao ambacho kingeng'olewa usiku mmoja sheria zilipobadilika. Aliyeagiza yachongwe aliamini kwamba mpangilio huo ungedumu kadiri jengo litakavyodumu. Herufi zimenyooka, zimepimwa vizuri, na kazi ya fundi haina dosari. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na mpwa wangu, ambaye kwa kawaida hupiga picha kila kitu mpaka sahani ya chakula, alirudisha simu mfukoni.

Kutoka hapo hadi ukumbi wa Douglass Theatre ni hatua chache tu, na nadhani kwenda moja kwa moja kutoka kule mpaka huku ndiko kunakoufafanua mji huu. Charles Douglass, mfanyabiashara mweusi wa Macon, aliujenga ukumbi huu mwaka 1921 ili watu ambao mlango wao kule stesheni ulikuwa wa pembeni wawe na mahali ambapo mlango wa mbele ni wao. Bessie Smith, mwimbaji wa blues, aliimba hapa, na Duke Ellington, mpiga piano wa jazz, alipiga hapa. Humu ndimo Otis Redding, akiwa bado kijana, alipokuwa akiingia kwenye mashindano ya vipaji na, kama inavyosimuliwa mjini, akashinda wiki kumi na tano mfululizo mpaka ikabidi azuiwe ili wengine nao wapate nafasi. Ukumbi ulifungwa mwaka 1973 na ukafunguliwa tena mwaka 1997 baada ya kukarabatiwa. Siku ile hapakuwa na onyesho lolote, lakini tuliruhusiwa kuchungulia ndani, tukaona viti vitupu na jukwaa ambalo si kubwa hata kidogo. Nilikuwa nimewazia pakubwa zaidi. Jukwaa la namna hiyo halimfichi mtu, kwa kuwa aliyeketi nyuma kabisa anaona jasho la mwimbaji.

Alhamisi asubuhi tulikwenda studio za Capricorn, na hapa ndipo nilipopata thamani kamili ya fedha zangu. Historia yake kwa kifupi ni hii: Phil Walden, mwanafunzi mzungu wa chuo cha Mercer kilichopo Macon, alianza kwa kuwatafutia kazi wanamuziki weusi katika dansi za wanafunzi wazungu, akawa meneja wa Otis Redding, na wawili hao wakaota ndoto ya kuwa na studio yao mjini. Otis alikufa katika ajali ya ndege huko Wisconsin tarehe 10 Desemba 1967, akiwa na umri wa miaka 26. Walden aliendelea, akageukia roki, na mwaka 1969 Capricorn ikaanza kutoa santuri. Baada ya miaka kumi ikafilisika. Mwaka 2019, chuo kilekile cha Mercer ndicho kilichoifufua studio. Humo leo wanamuziki wanarekodi, na wageni wana makumbusho yenye skrini za kugusa ambazo mtu huvaa vipokea sauti na kuchagua wimbo autakao katika nyimbo za lebo hiyo. Mimi nilikaa hapo karibu saa nzima. Mwongozaji aliyetutembeza alikuwa kijana anayejua mitambo, si mtu aliyekariri maelezo, na alipogundua kwamba ninapenda magitaa alitueleza kwa subira jinsi chumba kinavyopangwa ili ngoma zisizimeze sauti nyingine.

Nikiwa hapo nilikumbuka jambo ambalo msomaji wa Kiafrika huenda likampendeza. Mwanafunzi mweusi wa kwanza kukubaliwa katika chuo hicho cha Mercer, mwaka 1963, hakuwa mwenyeji wa Georgia. Alikuwa Sam Oni, kutoka Ghana. Mwaka 1966 alizuiwa kuingia katika kanisa la Kibaptisti lililokuwa kwenye viwanja vya chuo, ilhali wamisionari wa madhehebu hayohayo ndio waliomhubiria kwao. Niliondoka Macon nikiona kwamba habari hii ingestahili nafasi kubwa katika ziara ya mgeni.

Makumbusho ya Tubman, yanayohusu sanaa na historia ya Wamarekani weusi, yako jirani na ni mazuri, ila mtu asiende akidhani kwamba Harriet Tubman, yule mama aliyewatorosha watumwa kutoka Kusini, aliishi Macon. Wamelienzi jina lake tu.

Chakula cha mchana tulikula H&H, mkahawa uliofunguliwa mwaka 1959 na Inez Hill na Louise Hudson. Huyu wa pili, aliyejulikana na mji mzima kama Mama Louise, ndiye aliyewalisha vijana wa Allman Brothers Band walipokuwa hawana kitu, na baadaye walipopata fedha hawakumsahau. Mtu wa kwetu akiletewa sahani hapa hahitaji kutafsiriwa: zile ni sukuma wiki, ile ni bamia, na zile kunde zenye jicho jeusi ni kunde zetu zilezile zilizovuka bahari katika merikebu za watumwa. Tahadhari moja kwa Waislamu wenzangu: katika mikahawa ya Kusini mwa Marekani, mboga za majani mara nyingi huchemshwa pamoja na nyama ya nguruwe bila kutajwa kwenye orodha ya vyakula. Uliza kabla ya kuagiza. Mimi niliuliza, nikajibiwa bila kuzungushwa, nikala samaki.

Mchana huo ndipo tulipoingia Big House. Ni nyumba kubwa ya mwanzoni mwa karne iliyopita, kwenye barabara ya Vineville, ambayo Allman Brothers Band, wake zao, watoto na wasaidizi wao waliipanga kuanzia 1970 hadi 1973, na tangu 2009 ni makumbusho. Kila ukuta umejaa: magitaa, mashati, barua, mikataba, mabango. Kwa mtu anayeipenda bendi hiyo, siku nzima haitoshi. Kwa mtu kama mimi, ambaye ninawaheshimu zaidi kuliko ninavyowasikiliza, baada ya chumba cha tano vitu vilianza kufanana. Kilichonigusa ni jiko. Ni jiko la nyumba ya kawaida, na nikakumbuka bendi zetu za dansi za zamani, kama NUTA Jazz, ambamo mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa chama cha wafanyakazi na mwisho wa mwezi alipokea mshahara. Hawa walilipana kwa kula chungu kimoja.

Duane Allman, mpigaji gitaa wa bendi hiyo, alikufa kwa ajali ya pikipiki mjini humu tarehe 29 Oktoba 1971, na mwaka mmoja baadaye mpigaji besi Berry Oakley naye akafa kwa pikipiki, karibu na mahali palepale. Wote walikuwa na miaka 24. Wamezikwa katika makaburi ya Rose Hill, kwenye mteremko juu ya mto, na Gregg Allman, mdogo wake Duane, amelala hapo tangu 2017. Kuingia ni bure. Vaeni viatu vya kutembelea, kwani njia zinapanda na kushuka na baada ya mvua zinateleza.

Nyumba aliyokulia Little Richard tuliiona kwa nje tu. Ilihamishwa nzima ndani ya mtaa wa Pleasant Hill mwaka 2017 kupisha upanuzi wa barabara kuu, barabara ileile ambayo zamani ilikuwa imeshaukata mtaa huo vipande viwili.

Ijumaa tuliitoa kwa Ocmulgee Mounds, vilima vya udongo vilivyojengwa kwa mikono ng'ambo ya mto, kikubwa kati yake kikiwa na kimo cha mita 17 hivi. Hapatozwi kiingilio. Kuna chumba cha mviringo chini ya udongo ambacho paa lake ni la kujengwa upya, ila sakafu ni ya asili, ina umri wa miaka elfu moja, na imezungukwa na viti vya udongo vilivyopangwa ukutani. Ili kuingia inakubidi uiname na kupita ujia mwembamba. Nje, reli ya karne ya 19 imepasua vilima ili kupitisha mizigo, na wazawa wa mahali hapa, Wamuscogee, walikwisha kufukuzwa kuelekea Oklahoma kabla reli haijafika.

Nauweka mji huu kwenye nyota nne kati ya tano. Nyota moja naipunguza kwa sababu bila gari mgeni atasumbuka, na kwa sababu hoteli ya bei nafuu tuliyolala kando ya barabara kuu ilikuwa na kiyoyozi kilichounguruma usiku kucha. Afadhali kuongeza fedha kidogo na kulala katikati ya mji. Wanaotaka kuona micherezi, yaani miti ya cherry, ikichanua waende mwezi Machi na waweke nafasi mapema. Mimi nitarudi siku ambayo Douglass itakuwa na onyesho, na safari hii mpwa wangu ndiye atakayeangalia ratiba.