Leza ya Makovu ya Chunusi: Mashine Sina Neno Nayo, Tatizo Ni Wiki Inayofuata

Haya wapendwa, karibuni. Ndiyo, uso ni huu huu, sijaweka filta. Leo ni ile leza ya CO2, yaani ya gesi ya kaboni dioksidi, mnayoniuliza kila siku kwenye maoni.

Mashine yenyewe nyingi mmeshaziona, sitawachosha. Mwanga wake ni wa nanomita 10,600, maji yaliyomo ndani ya ngozi yanaunyonya, na ngozi inaungua kwa vidoti vidogo vidogo. Katikati ya vidoti inabaki ngozi nzima, na hiyo ndiyo inayoharakisha kupona. Wazo hilo la vidoti lilichapishwa mwaka 2004 na watafiti wa Boston. Leza za zamani zilikuwa zinachoma uso wote, mtu anajifungia ndani wiki na wiki.

Kinachonikera ni matangazo. "Leo leza, kesho kazini!" Kesho ipi hiyo? Kuna kliniki, jina naliacha, waliniambia hivyo hivyo huku wananipaka krimu ya ganzi. Usiku ule uso ulikuwa unawaka moto, na asubuhi macho yamevimba. Hayo ni ya kawaida kabisa, jamani, ila mtu aambiwe mapema!

Sasa sogeeni hapa. Ngoja niinue kamera... hapo. Mnaona hivi vidoti vya kahawia? Ni magamba. Ukipitisha kidole, shavu linakwaruza kama msasa, na mkono unawasha kuyabandua. Usiguse! Ukibandua unajitengenezea kovu jipya juu ya lile ulilolipia. Nawa mikono kwanza. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini isiyo na manukato. Unaona? Sisugui, namwagia tu, vidole vinapita juu juu. Taulo safi, unagusagusa, hufuti. Halafu mafuta ya mgando, haya haya ya kopo la dukani, yasiyo na harufu. Paka mpaka ung'ae. Ukiona pamekauka, rudia. Mchana na usiku. Shuka za mto badilisheni, tafadhali. Magamba ya usoni kwa kawaida yanadondoka yenyewe ndani ya wiki moja hivi.

Mtu atasema derma rola ya mtandaoni, kile kigurudumu cha vijisindano cha kupitisha usoni, ni nafuu. Ya kujisukumia mwenyewe chooni? Hapana. Vijisindano vya daktari, hapo sawa, tena kwa ngozi zetu hatari ya madoa ni ndogo kuliko leza hii. Kwa kweli mwenye mashimo ya juu juu ningemwambia aanzie huko. Nimekuja kusifia leza, naona naanza kumpigia debe mpinzani!

Kwa sababu kwetu sisi weusi shida huwa inakuja baadaye. Magamba yameisha, umefurahi, halafu wiki kadhaa mbele pale palipochomwa panaanza kuwa peusi. Ni joto limeiamsha rangi ya ngozi. Mara nyingi rangi inarudi kawaida, lakini ni miezi. Kwa hiyo muulize daktari: watu weusi umewafanyia wangapi, na picha zao ziko wapi? Akikuonyesha wazungu tu, aga kwa heshima. Vidoti viwe vichache, nguvu iwe ndogo, hata kama utarudi mara nyingi zaidi. Na unayepaka mkorogo, sema kweli kabla hujalala kitandani pale. Anayetokwa na vidonda vya homa mdomoni naye aseme, atapewa dawa ya kuvizuia. Mwenye historia ya makovu yanayovimba, hii si yako.

Bei? Wanakutajia ya mzunguko mmoja, na wengi wanahitaji kadhaa. Piga hesabu yote, weka na mafuta ya kukinga jua, SPF (kipimo cha kinga) 30 kwenda juu, yale yenye rangi ya ngozi. Unaanza kuyapaka ngozi ikishafunga. Matokeo yanaendelea kujijenga miezi mitatu hadi sita, kwa hiyo msiniulize wiki ijayo.

Maumivu yakizidi badala ya kupungua, ukaona usaha au homa, hiyo usinitumie mimi picha, mpigie daktari.

Jumamosi nipo laivu, niachieni maswali hapo chini. Dada aliyeuliza kuhusu shingo: shingo inapona polepole kuliko uso na inashika kovu upesi. Mwambie daktari apunguze nguvu akifika hapo, au aiache kabisa.