Keki ya Krismasi kwa nyumba ya watu watatu: niliyonunua na niliyooka mwenyewe

Hapa Leeds, Uingereza, watu huniambia kwamba nyumba kama yetu, baba, mama na mtoto mmoja, haina haja ya kuhangaika na kuoka keki ya Krismasi. Nenda dukani, chukua kale kadogo ka kwenye boksi, yaishe. Nimekula za dukani na nimeoka zangu, na msimamo wangu ni huu: ukianza kabla ya Desemba, oka. Ukichelewa, nunua, ila nunua isiyopakwa aisingi, yaani lile pambo la sukari la juu. Uchache wetu mezani haunishawishi kununua hata kidogo, na kwa keki ya aina hii ndio unaonifanya nioke.

Walio nyumbani Afrika Mashariki wanielewe vizuri ninaposema keki ya Krismasi. Wengi tumekulia keki nyepesi ya mayai na vanila, inayokatwa siku hiyohiyo na kushushiwa soda. Ya Waingereza ni nzito na nyeusi, na zabibu kavu humo ndani zinazidi unga kwa mbali. Huokwa wiki kadhaa kabla ya sikukuu na kunyweshwa brandi kidogo kidogo. Baadaye hufunikwa mazipani, yaani lozi zilizosagwa zikachanganywa na sukari, na juu yake aisingi nyeupe. Ikifungwa vizuri kabla haijapakwa chochote, hukaa hata miezi mitatu, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyokolea. Keki nyepesi mkiwa watatu itawakaukia kabla hamjafika nusu. Hii haina haraka na mtu.

Nianze na za dukani. Ya kwanza kuinunua ilikuwa ndogo, ya mraba, imefungwa utepe mwekundu, bei kati ya pauni 4 na 6. Kwa macho ilipendeza sana. Nilipoikata nikaona mambo yalivyo: aisingi nene laini, mazipani nyembamba kama karatasi ya bahasha, na chini yake keki iliyopukutika mara kisu kilipopita. Mwanangu alikula aisingi, akaacha keki yote kwenye sahani. Na kwenye boksi waliandika kwamba ikishafunguliwa imalizwe ndani ya siku chache. Sasa faida ya kununua keki inayosifika kwa kukaa ni ipi, kama nikishaifungua inanikimbiza kama mkate wa boflo?

Tangu hapo siweki keki kwenye kikapu kabla sijasoma lebo, na nawaomba nanyi msome. Sheria ya Uingereza inataka viungo vipangwe kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kama sukari imetangulia zabibu, mnanunua sukari. Kama zabibu kavu ndizo za kwanza, mpo pazuri. Angalieni na mazipani pia, maana zile za bei rahisi huwa na sukari nyingi kuliko lozi. Vitu vinavyodhuru watu wenye aleji, kama lozi, mayai, maziwa na ngano, huandikwa kwa herufi zilizokolezwa, kwa hiyo hata mwenye haraka hawezi kuvikosa.

Nilipata baadaye ya dukani iliyonifurahisha, na haki yake niiseme. Niliinunua kwa mwoka mikate wa sokoni. Haikuwa na aisingi wala utepe, imefungwa karatasi tu, nzito mkononi. Bei yake ilizidi mara mbili ya ile ya kwanza. Niliitoboa matundu kwa njiti ya mishikaki, nikaimwagia vijiko viwili vya brandi, nikairudisha kwenye karatasi mpaka mkesha. Ilikuwa na unyevu, inakatika vipande safi, na ladha ya matunda ilitangulia ile ya sukari. Aliyeshikwa na Desemba hajaanza lolote, ushauri wangu ni huo, na asijione kapungukiwa.

Sasa ya kuoka nyumbani. Kinachowakatisha watu tamaa ni mapishi yenyewe, maana mengi yameandikwa kwa chombo cha kuokea chenye upana wa sentimita 20, na keki hiyo kweli ni ya ukoo mzima. Tafuta chombo cha sentimita 15. Kinabeba takriban nusu ya kile kikubwa, kwa hiyo unagawa kila kitu kwa mbili na hesabu inakubali. Kwangu huwa ni gramu 450 za zabibu kavu za aina mbalimbali pamoja na cheri na maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari, gramu 115 za siagi, 115 za sukari ya kahawia, 115 za unga wa ngano, mayai mawili, kijiko cha molasi, na viungo. Karafuu ninazo za Unguja, dada yangu hunitumia, nazitwanga mwenyewe. Harufu yake na ile ya kopo la dukani haviko daraja moja. Mdalasini na kungumanga nanunua hapahapa.

Zabibu hulala usiku kucha kwenye brandi. Asubuhi nasaga siagi na sukari kwa mwiko mpaka ibadilike rangi, mayai yanaingia moja baada ya jingine, halafu unga, halafu matunda. Kazi yenyewe haizidi saa moja. Kinachotaka umakini ni chombo: ndani nakitandika karatasi ya kuokea mara mbili, nje nakizungushia karatasi ya kaki na kuifunga kwa uzi, ili pembeni pasiungue kabla katikati hapajaiva. Oveni iwe nyuzi 140, si zaidi, kwa muda wa saa mbili na nusu hadi tatu. Mama yangu kule Muheza huoka kwenye sufuria, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko, na hairuhusu moto uchachamae. Aliyelelewa jikoni namna hiyo haoni ugeni wowote katika oveni ya nyuzi 140.

Kujua kama imeiva, njiti peke yake haitoshi. Itoe, inamisha sikio karibu na uso wa keki, usikilize. Ikiwa mbichi utasikia mchiriziko mdogomdogo, unyevu bado unachemka ndani. Rudisha. Ikinyamaza, au ikabaki na sauti hafifu sana, iache ipoe ndani ya chombo chake.

Gharama? Ukianza bila kitu jikoni, pamoja na viungo na kichupa kidogo cha brandi, utatumia pauni 10 na zaidi. Umeme wa saa tatu kwenye moto mdogo namna hiyo hauongezi sana. Uniti moja hapa imekuwa ikizunguka peni 25. Kwa hiyo anayeoka ili aokoe hela ataona ile ndogo ya dukani imemshinda. Lakini ile haifiki nusu ya uzito wa yangu, na tukilinganisha uzito kwa uzito na ya mwoka mikate wa sokoni, ubora karibu sawa, ya nyumbani haiachwi nyuma.

Muda wa kuoka ninaoupenda ni Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, yale majuma ya kujiandaa na Krismasi. Kwa Waanglikana wa huku ndiyo siku ya jadi ya kukoroga pudingi ya Krismasi, kitindamlo kizito cha zabibu kinachopikwa kwa mvuke, kwa sababu sala ya siku hiyo kwenye kitabu chao cha sala cha zamani huanza kwa kumwomba Bwana aamshe nia za watu wake, kwa Kiingereza "stir up", maneno yanayomaanisha pia kukoroga. Mwaka 2025 iliangukia 23 Novemba. Nyumbani kwetu kila mmoja hushika mwiko na kukoroga, mtoto akiwa wa kwanza, na tukishaoka tunabaki na mwezi mzima wa kuinywesha kijiko kimoja au viwili kila wiki.

Jambo jingine linaloniegemeza kwenye kuoka ni wageni. Rafiki wa mume wangu, Mwislamu wa Mombasa, hutujia kila tarehe 26 Desemba na familia yake. Mwaka mmoja alisimama mezani akauliza kwa upole, "Shemeji, hii imetiwa pombe?" Ilikuwa ya dukani, na brandi ilikuwa pale kwenye lebo. Walikunywa chai na mandazi, keki tukaiondoa. Siku hizi nagawa zabibu tangu mwanzo, kabla hazijaguswa na brandi: sehemu moja naitenga, ikifika zamu yake inalala kwenye chai ya rangi nzito na maji ya chungwa, kwenye kijichombo chake na kwa mwiko wake. Hiyo haikai sana kama ya brandi, kwa hiyo naioka wiki ya sikukuu. Wanawe huimaliza.

Kuhusu aisingi, familia ndogo isijitwishe kuipaka keki yote. Mimi huikata katikati. Nusu naivisha mazipani, naiacha ikauke siku chache, kisha aisingi ya ute wa yai na sukari laini, hiyo ni ya Krismasi. Nusu ya pili naifunga kwa karatasi ya kuokea kwanza ndipo foili ije juu, kwa sababu tindikali ya matunda ikigusana na foili huila. Inaingia kwenye kopo mpaka Februari. Hiyo tunaila kwa namna ya watu wa Yorkshire, eneo letu hili, kipande cha keki na kipande cha jibini ya Wensleydale pembeni. Nilipoambiwa mara ya kwanza kazini nilikataa. Jaribuni: chumvi ya jibini inaufunga utamu wa zabibu vizuri sana.

Nyota zangu: ya boksi lenye utepe, 2 kati ya 5. Ya mwoka mikate, isiyo na aisingi, 4. Ya nyumbani ya sentimita 15, 5, mradi uianze Novemba.