Noah (2014): ugomvi si majitu ya mawe

Ukiitaja filamu hii kwa mtu aliyewahi kuiona, swali la kwanza ni lile lile: "Si ile yenye majitu ya mawe?" Ndiyo, ni hiyo. Imeongozwa na Darren Aronofsky, Russell Crowe ndiye Nuhu, nayo inakwenda dakika 138. Nimeitazama huku Mwanzo sura ya 4 hadi ya 9 iko wazi pembeni, na maoni yangu ni kwamba wengi wamekamia kibanzi wakaruka boriti. Naipa nyota tatu kati ya tano.

Tuanze na hayo majitu, maana ndiyo yaliyowakimbiza watu. Mwanzo 6:4 inawataja Wanefili, majitu ya kale, kwa mstari mmoja, kisha inaendelea na mambo yake. Habari ndefu iko katika Kitabu cha Henoko, ambacho Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia linakihesabu kuwa Maandiko, na ambacho Waraka wa Yuda, mstari wa 14, unakinukuu. Humo malaika 200, wakiongozwa na Samyaza, wanashuka kwa kuwatamani binti za watu. Filamu imelichukua jina la Samyaza na kuigeuza sababu: malaika wake wanashuka kwa kumhurumia Adamu, wanaadhibiwa, nuru yao inafunikwa na mwamba. Anayelalamika aseme basi kwamba chanzo kimepinduliwa. Akisema kimebuniwa kutoka hewani, atakuwa hajasoma.

Hali ni hiyo kwa vitu vingi vinavyoonekana vya ajabu. Mke wa Nuhu hana jina katika Mwanzo. Mapokeo ya Kiyahudi yanamwita Naama, nayo filamu ikafuata. Yale mawe yanayong'aa na kulipuka yanatokana na neno la Kiebrania katika 6:16 ambalo wengi hulifasiri dirisha au mwanga, lakini baadhi ya walimu wa kale walisema ni kito kilichoangaza safina kwa ndani. Hata mtu kujificha safinani kuna kisa cha kale kinachofanana nacho: Ogu, aliyening'inia nje yake mpaka maji yakapungua.

Safina yenyewe ni mojawapo ya vitu walivyovifanya vizuri kuliko filamu nyingine zote nilizoziona za habari hii. Haina omo wala tezi, haina usukani. Ni sanduku. Neno la Kiebrania, teva, halina maana ya jahazi, na linatumika mara nyingine kwa kile chombo cha manyasi alichowekwa mtoto Musa. Wafasiri wetu waliliona hilo, ndiyo maana Kutoka 2:3 ina "kisafina". Vipimo ni dhiraa 300 kwa 50 kwa 30, yaani kama mita 135 kwa 22 na nusu kwa 13 na nusu ukihesabu dhiraa moja sentimita 45. Chombo kisichokwenda popote hakihitaji omo. Kinachotakiwa ni kuelea tu bila kupinduka. Sehemu yake waliijenga kweli huko New York, iliyobaki ikamaliziwa na kompyuta, na utaona tofauti: magogo yaliyopakwa lami yana uzito machoni, ilhali wanyama, ambao karibu wote ni wa kompyuta, hawana. Swali la wanyama hao wasilane limejibiwa kwa vyetezo: familia inapita kati yao ikifukiza mitishamba na wote wanalala. Ni ujanja wa mwandishi, lakini unakubalika.

Hesabu za umri ndipo filamu inapofanya jambo zuri na baya kwa pamoja. Methusela alimzaa Lameki akiwa na miaka 187, Lameki akamzaa Nuhu akiwa na 182, gharika ikaja Nuhu ana 600. Jumlisha: 969, ndiyo miaka yote ya Methusela. Kwa hiyo alikufa mwaka ule ule wa gharika, na filamu kumwacha mzee yule (Anthony Hopkins) msituni akitafuta matunda mpaka maji yanamkuta, hesabu zinaruhusu kabisa. Lakini Lameki aliishi miaka 777. Alikufa miaka mitano tu kabla ya gharika, mwanawe akiwa na 595. Filamu inamuua Lameki wakati Nuhu angali mvulana, kwa mkono wa Tubal-kaini, mzao wa Kaini. Hapo hakuna mapokeo ya kusingizia. Walitaka adui mwenye kisasi.

Sasa boriti. Katika Mwanzo, Mungu ndiye anayesema: anataja mbao, lami, vipimo, orofa tatu, mlango ubavuni. Nuhu hasemi hata neno moja tangu sura ya 6 mpaka 9:25, anapomlaani Kanaani. Anasikia, anafanya. Filamu imebadilishana nafasi hizo. Muumba, kama wanavyomwita humu, hasemi kitu. Nuhu anaota maji na maiti, kisha anajifasiria mwenyewe, naye anaongea kweli kweli. Kila kinachokuja baadaye kinatoka hapo. Mtu aliyepewa dhiraa kwa hesabu hawezi kukosea alichotumwa. Aliyepewa ndoto anaweza. Ndipo Nuhu huyu anaamua kwamba binadamu wote wanatakiwa waishe, hata kizazi chake, na mkewe Shemu, Ila (Emma Watson), akijifungua mtoto wa kike, atamuua.

Ili hilo liwezekane, ilibidi wake wawili wa wana waondolewe. Mwanzo 7:13 inawahesabu watatu, na 1 Petro 3:20 inataja watu wanane. Humu Hamu na Yafethi wanaingia bila wake. Tena 6:18, kabla tone la kwanza halijaanguka, agano limeshatajwa pamoja na "wake za wanao". Nuhu wa Mwanzo hawezi kudhani ukoo wake unakatwa; ameambiwa. Saa nzima ya mwisho ya filamu imesimama juu ya shaka ambayo mstari mmoja ungeimaliza.

Na bado, tukio bora liko ndani ya saa hiyo. Mlango umefungwa, familia imeukalia moto, na nje watu waliokimbilia kilele cha mwamba wanapiga mayowe. Sauti inapenya mbao. Mmoja wa walio ndani anaomba walio nje watupiwe kamba. Nuhu anakataa, kisha anaanza kusimulia uumbaji. Wahubiri huisimulia gharika kutokea juu, maji na ukubwa wake. Humu unaisikia kwa masikio ya waliookoka.

Kabla filamu haijatoka, Paramount ilikubali kuongeza tamko kwenye matangazo kwamba imechotwa katika kisa cha Nuhu na haikufuata neno kwa neno. Qatar, Bahrain, Falme za Kiarabu, Indonesia na Malaysia ziliizuia isionyeshwe, kwa kuwa Nuhu ni nabii na manabii hawaigizwi. Hoja hiyo haiondolewi na tamko lolote.

Kwa anayetaka kuitazama na kikundi cha kanisa: someni sura hizo sita kwanza, haichukui nusu saa. Watoto wadogo wasiwepo. Kuna mauaji, na kisu juu ya vichanga. Mahali pa kusimamisha ni pale mlango wa safina unapofungwa, mjadili, ndipo mwendelee, vinginevyo mjadala wote utaishia kwenye mawe. Ongezeni sauti pia, maana mazungumzo mengi ni ya kunong'ona na muziki wa Clint Mansell unayameza.

Mwishoni tazameni kilichokatwa. Ulevi wa Nuhu upo, uchi upo, Shemu na Yafethi wanamfunika. Laana ya Kanaani haipo: Hamu anajiondokea mwenyewe. Maneno pekee ambayo Mwanzo inayatia kinywani mwa Nuhu wakati wote huu ndiyo waliyoyaacha. Na "Zaeni, mkaongezeke" ya 9:1, ambayo ni kauli ya Mungu, inatamkwa na Russell Crowe.